Tunangoja Bosi Apoe, Siku Zinakwisha

Maneno haya yalisemwa Mbagala, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wafanyakazi wa viwandani na wenza wao, Jumamosi iliyofuata Mei Mosi. Msemaji ni msaidizi wa kisheria aliyewahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Marudio yamepunguzwa.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za tangu asubuhi. Mama zangu mlioacha biashara zenu mkaja kukaa juani, asanteni. Najua Jumamosi ndiyo siku ya mauzo, kwa hiyo sitawachosha kwa utangulizi.

Mwenyekiti aliponialika aliniambia nizungumzie mambo matatu: fidia ya kuumia kazini, kuachishwa kazi, na kugawana mali ndoa ikivunjika. Nikacheka. Akadhani namdharau. Nilicheka kwa sababu kwenye meza yangu hayaji mambo matatu. Anakuja mtu kuuliza habari ya kidole kilichokatika. Tukikaa nusu saa, nasikia kazi nayo imeshakwisha. Akishaniaga, akifika mlangoni, anarudi: "Lakini kuna jambo jingine dogo, la nyumbani." Hilo la mlangoni ndilo linalomnyima usingizi.

Basi leo nitawapitisha kwenye nyumba moja tu. Nimebadili hili na lile ili wenyewe wasitambulike. Bwana nitamwita fundi, bibi nitamwita mama.

Fundi alikuwa zamu ya usiku kwenye mashine ya kubana mabati. Mkono wa kushoto ukaingia. Kidole cha shahada kikaenda chote, cha kati kikabaki nusu. Msimamizi akamfunga kitambaa, wakamkimbiza zahanati ya binafsi, bosi akalipa taslimu kila kitu na akampa nauli ya bajaji. Asubuhi akampigia simu, sauti ya huruma kabisa: "Fundi, wewe pumzika, hili tutalimaliza kifamilia. Hapa sisi ni familia moja."

Ndugu zangu, mwajiri akikuambia kwamba hapa sisi ni familia moja, muulize kwenye mirathi umeandikwa wa ngapi.

(Kicheko.)

Sisemi bosi ni mtu mbaya. Nasema kuna chombo kiliundwa ili jambo hili lisitegemee uzuri wala ubaya wake. Unaitwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2008, Mfuko wenyewe ukaanza kazi Julai 2015. Wazee hapa mnakumbuka sheria ya zamani ya mkoloni. Mtu alikuwa akipata ulemavu wa kudumu, kiwango cha juu kabisa cha fidia ni shilingi 108,000. Akifa, familia inapewa 83,000. Hela hiyo leo hainunui hata mabati ya kufunika choo.

Siku hizi mwajiri anachangia nusu asilimia ya mishahara anayolipa. Anachangia yeye, si wewe. Nenda nyumbani uangalie hati yako ya mshahara. Ukiona mstari wa makato umeandikwa WCF, umeibiwa, na mwizi ameacha risiti. Na kama mwajiri hajajisajili au hachangii, hilo ni kosa lake mbele ya sheria, wewe dai lako liko palepale. Watu wengi wanarudia njiani kwa sababu ya hilo: "Sisi kwetu hatumo." Uliajiriwa? Uliumia ukiwa kazini? Umo.

Tuchukue mshahara wa fundi, shilingi 390,000 kwa mwezi. Wakati hawezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, yaani 273,000, na yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Matibabu yako upande mwingine, hayakatwi humo. Kidonda kikipona, daktari anapima umebaki na ulemavu kiasi gani. Ukipimwa asilimia 30 au chini, unalipwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Kwa hiyo ule upimaji msiupuuze. Nimewahi kuwaona wanaume wamekwenda kwa daktari wakajikaza, "sijambo kabisa, naweza kubeba hata gunia," eti wasionekane dhaifu. Kaka, pale hujaenda kuchumbia. Sema kinachouma.

Fundi hakufanya lolote katika hayo. Alipumzika kama alivyoambiwa. Mwezi wa kwanza mshahara ukaja kamili. Wa pili ukaja nusu. Wa tatu akaitwa ofisini.

Hapa naomba mniangalie vizuri, maana nitawaeleza karatasi ile kama nilivyoiona, aliniletea nakala. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Juu pana tarehe, katikati maneno manne ya mstari: "YAH: KUACHA KAZI KWA HIARI." Chini yake mistari mitatu ya shukrani, fundi anaushukuru uongozi kwa malezi mema. Mstari wa mwisho unasema amepokea shilingi 300,000 na hana dai lolote, la sasa wala la baadaye. Pembeni pana nafasi ya sahihi, na pameshawekwa alama ya msalaba kwa kalamu ya bluu kumwonyesha pa kusaini. Mtu aliyekatwa vidole ananunuliwa kwa kifuta jasho, na barua ya kuaga ameandikiwa na yule anayemfukuza.

Akasaini. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Nilikuwa na deni la dukani."

Sikumlaumu, na nyie msimlaumu. Lakini tuhesabu alichokiacha juu ya meza ile, kwa sababu hesabu hii ni ya kila mmoja wenu.

Fundi alifanya kazi miaka 6 kamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ukiachishwa baada ya kutimiza miezi 12, unalipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Mshahara wa 390,000 kwa mtu wa siku sita kwa wiki unagawanywa kwa 26, ni 15,000 kwa siku. Mara 7 ni 105,000. Mara miaka 6 ni 630,000. Hicho ni kiinua mgongo peke yake. Weka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au malipo badala yake. Weka likizo ambayo hukwenda. Weka cheti cha utumishi. Kama ulichukuliwa mkoani, weka gharama za kukurudisha ulikotolewa, na posho ya kujikimu ukicheleweshwa. Sasa tazama 300,000 ile.

Na hatujafika kwenye kubwa. Kiinua mgongo kinalipwa na mwajiri anayekuachisha. Ukiacha mwenyewe, huna. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao wana fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara, asilimia 33.3, kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Kwa mshahara kama wa fundi hiyo ni kama 130,000 kwa mwezi. Kwa sisi tusio na taaluma za vyeti utaratibu ni mwingine, unapewa nusu ya michango yako. Lakini sharti ni lilelile: uwe umeachishwa, hukuacha kwa hiari. Kwa hiyo yale maneno manne ya juu, kuacha kazi kwa hiari, yalifunga mlango wa bosi na wa NSSF kwa ufunguo mmoja.

Mtu ameniuliza pale nyuma: je, kama umelazimishwa kusaini? Swali zuri. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, na hiyo inahesabiwa kama ameachishwa. Tena ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu, na kudai haki uliyopewa na sheria nako si sababu halali. Fundi alikuwa na hoja. Kesi kama hiyo inapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba moja, mnaitwa kwenye usuluhishi, mkishindwana mnakwenda kwa mwamuzi. Ni chumba cha kawaida, meza na viti. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama chako. Usiogope neno "tume".

Ila dai la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa ndani ya siku 30. Madai mengine ya kikazi, kama malimbikizo ya mshahara, yana siku 60. Ni siku za kalenda, Jumapili zimo, sikukuu zimo, na mwezi wa Ramadhani haukupi nyongeza.

Fundi alikuja kwangu mwezi wa nne tangu asaini. Tukajaza maombi ya kuongezewa muda, kwa sababu kuchelewa kunaweza kusamehewa ukiwa na sababu ya kutosha. Siku ya kusikilizwa akaulizwa swali moja: siku zote hizi ulikuwa wapi? Nilikuwa nimemwandaa, tuna karatasi za kliniki, tuna kila kitu. Yeye akajibu ukweli wake: "Nilikuwa nangoja bosi apoe."

Maombi yakakataliwa.

Nilikuwa katibu wa tawi miaka mingi, na niwaambie, neno hilo nimelisikia kwa watu wenye akili timamu kabisa. Tunangoja bosi apoe. Tunangoja meneja arudi safari. Tunangoja yule shemeji anayemjua mtu. Tumelelewa hivyo, kwamba anayekimbilia mashtaka ni mtu wa shari, na mimi siwaambii muwe watu wa shari. Mpelekee bosi salamu, mtumie na matunda ukipenda, lakini fomu iwe imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukipatana naye baadaye, unaifuta. Fomu inafutika. Siku ya 31 haifutiki.

Kilichomwokoa fundi ni kwamba lile dai la kuumia lina mlango wake na kalenda yake. Habari ya ajali inatakiwa imfikie mwajiri au Mfuko ndani ya miezi 12. Bosi alijua usiku uleule, na sisi tulikuwa mwezi wa saba. Zahanati wakatutolea kumbukumbu zake, mwenzake wa zamu akaandika maelezo. Na ile "sina dai lolote" aliyoisaini? Alimwandikia bosi. Fidia ile haitoki mfukoni mwa bosi, inatoka kwenye Mfuko, na bosi hawezi kusamehewa deni ambalo si lake. Akalipwa. Siwatajii kiasi, maana kesho mtakuwa mmekijua Mbagala nzima.

Ndipo siku ileile, akiwa mlangoni, akasema, "Lakini kuna jambo jingine dogo."

Ile miezi saba, jambo la nyumbani halikuwa dogo. Mwanaume aliyezoea kutoka saa kumi na moja alfajiri sasa yuko kitandani saa nne. Mama anaamka saa tisa kukanda maandazi. Deni la dukani likapanda. Vijembe vikaanza, halafu watu wakaacha kuongea kabisa. Fundi akataka kuuza nyumba yao ya Chanika. Mama akakataa. Fundi akasema kauli ambayo wanaume wa hapa mmeisema au mmeifikiria: "Karatasi ya mauziano ina jina la nani?"

Ina jina lake, kweli. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaanza kwa kukubali: mali ikiwa kwa jina la mmoja, inadhaniwa ni yake. Inadhaniwa. Ushahidi ukija, dhana inaondoka. Tena nyumba wanamoishi mke na mume, mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Ndoa ikivunjwa, mahakama inagawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Inatazama mila za wahusika, inatazama kila mmoja alichangia nini kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, inatazama madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Halafu, baada ya hayo, inaelekea kwenye usawa. Madeni ya faida ya wote, sikieni. Mkopo wa VICOBA ulioezeka nyumba umo. Mkopo wa kubashiria mpira haumo.

Neno "kazi" hapo lilileta ubishi miaka mingi. Mahakama nyingine zilisema mke wa nyumbani hakuchangia kitu, alikuwa mke tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikamaliza ubishi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kupika, kufua, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kila mwanamke aliyepata mgawo tangu hapo amepita kwenye mlango uliofunguliwa na mama yule. Yeye mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona mumewe alishampa fedha za mradi wa familia, akazitumia ovyo. Huwa namfikiria sana. Amewaachia wenzake haki, yeye katoka mikono mitupu.

Sasa wanaume msiondoke. Sheria haikusema kazi ya mke. Imesema kazi. Ile miezi saba, baada ya vijembe kupungua, nani alikuwa anawaogesha watoto na kuwapeleka shule kwa mkono mmoja wakati mama yuko sokoni? Fundi. Hilo nalo linahesabika, na nilimwambia alitaje.

Mama alipokuja kwangu hakuja na mwanasheria. Alikuja na kaunta buku lenye mafuta ya maandazi kwenye jalada. Nikalifungua. Ukurasa wa kwanza mauzo, unga, mafuta, hamira. Katikati ya daftari, kwa mwandiko uleule: matofali 300. Mchanga tripu 2. Saruji mifuko 8, imebaki 1. Fundi mwashi, chakula na hela ya siku. Nondo. Kisha maandazi tena kurasa nne. Kisha milango 2, mmoja wa mbele, mmoja wa uani. Miaka mitano ya nyumba ile imeandikwa katikati ya unga wa ngano. Hakuiandika kwa ajili ya kesi. Aliandika ili asiibiwe na mafundi.

Nikamwambia asirarue ukurasa hata mmoja, asinakili upya kwa mwandiko mzuri, aliache na mafuta yake.

Mahakamani huendi moja kwa moja. Kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa wengi wetu ni baraza la kata, Waislamu wana la BAKWATA. Wakishindwa kuwapatanisha wanaandika hati, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama, hata ya mwanzo. Watu wanarukia mahakamani bila hati, shauri linatupwa baada ya mwaka wa nauli. Na karatasi ya talaka aliyokuandikia mume hapo sebuleni haigawi nyumba. Mahakama ndiyo inayogawa. Mliokaa pamoja bila cheti, miaka miwili na zaidi, majirani wanawajua kuwa mke na mume, sheria inawadhania kuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Msijifukuze wenyewe kwa kusema "sisi tulikuwa tunaishi tu."

Siku ya baraza nilikuwepo. Mama alisoma daftari lake kwa sauti, tofali kwa tofali. Alipofika kwenye milango, fundi akainua ule mkono wenye vidole vitatu, akasema, "Wa uani nilinunua mimi." Mama akatazama ukurasa, akanyamaza, akasema, "Kweli. Hapa niliandika bei tu." Mzee wa baraza akakohoa. Mimi nikatazama dirishani.

Kuna dada ameandika swali kwenye kikaratasi: hela ya kidole je, nayo inagawanywa? Nakujibu kwa maoni yangu, na ndivyo ningesema mbele ya hakimu. Kinachogawanywa ni kile kilichochumwa pamoja, na kidole hakikuchumwa na watu wawili. Lakini hela ile ikishageuka kuwa chumba cha nyuma, na mama ndiye aliyebeba maji ya zege huku akimsafisha mwenzake kidonda kila jioni, hapo tunazungumzia chumba, si kidole. Na matunzo ya watoto ni wajibu wa baba, atoe kwenye mshahara au atoe kwenye fidia.

Shauri la nyumba ile bado linaendelea, kwa hiyo sitasema zaidi.

Ada ya wakili isiwatishe. Tangu mwaka 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria kama mimi tupo hadi kwenye kata. Hatulipishi. Soda hatukatai.

Naona wengi mmekuja na bahasha. Meza ni moja na jua linakwenda, kwa hiyo sitafuata foleni mliyopanga. Kila mtu atoe barua yake aangalie tarehe iliyo juu. Wa kuachishwa kazi, mliofikisha siku 20 na kuendelea lakini hamjafika 30, njooni mbele sasa hivi. Wengine mtatusubiri.